Ilani ya siku 14 iko ukutani Mombasa, mwenye kiwanja yuko Maskati

Mtu anapotaka kugeuza kiwanja cha makazi Mombasa kiwe cha biashara, au kuangusha nyumba ya chini ainue ghorofa saba, sheria ya Kenya haimwachi aanze kimya kimya. Kwanza atangaze. Ndiyo maana utaona bango limesimamishwa mbele ya kiwanja, na tangazo dogo gazetini, mara nyingi kwa Kiingereza, lenye nambari ya kiwanja na maneno ya kuwaalika wenye pingamizi waiandikie ofisi ya mipango ya kaunti. Muda unaotajwa kwenye matangazo mengi ya namna hii ni siku 14.

Kwa anayekaa mtaa huo, siku 14 si nyingi lakini zinatosha. Kwa mwenye mali aliyeko Maskati, Doha au Kuwait ni khabari nyingine. Hebu tupige hesabu. Ofisi za Kenya hufungua Jumatatu mpaka Ijumaa. Huku kwetu mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Siku ambazo pande zote mbili ziko kazini ni nne tu kwa wiki, Jumatatu hadi Alkhamisi. Katika siku 14 zinakuwa nane. Sasa toa siku ambazo karatasi ilikaa ukutani kabla ya mtu kuipiga picha. Toa siku ambazo picha ilizunguka kwenye grupu la ukoo ikijibiwa "subhanallah" na "hii ni ya wapi tena?". Toa siku za kumtafuta wakili na kuulizana nani atamlipa. Zinabaki ngapi?

Naandika haya kwa sababu miji yetu ya mwambao inajengwa upya mbele ya macho yetu, na sisi wengi tunaiona kwenye simu tu. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa 2017. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Mwaka huohuo nyumba za zamani za kaunti pale Buxton, Mombasa, zilivunjwa ili zijengwe ghorofa. Nyuma ya kila mradi wa aina hii kuna viwanja, na nyuma ya viwanja kuna majina, na mengi ya majina hayo ni ya wazee ambao wajukuu wao leo wako Oman, Imarati, Uingereza na Marekani.

Malalamiko ninayoyasikia huku kwenye mabaraza ni moja: "Hatukuambiwa." Nakubali kwamba mara nyingi ni kweli. Ninachotaka kueleza ni kwamba mbele ya sheria neno hilo peke yake halitoshi, na kwa familia iliyo ng'ambo ya bahari kuna mambo ya kufanya kabla ilani haijatoka.

Ilani nne, milango minne

Watu wetu huchanganya mambo. Karatasi yoyote yenye muhuri wa serikali huitwa "notisi" na huogopwa sawasawa. Kumbe ziko za namna mbalimbali, na kila moja ina mlango wake wa kujibia.

Ya kwanza ni ya mpango wa eneo zima. Kaunti inachora ramani ya miaka kadhaa mbele: hapa makazi, hapa biashara, hapa viwanda, barabara hii ipanuliwe, mtaa huu ghorofa zisipite kadhaa. Chini ya sheria ya Kenya ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, rasimu ya mpango kama huo hutangazwa ili watu watoe maoni kabla haijapitishwa. Hii ndiyo ilani inayopuuzwa kuliko zote, kwa sababu haina jina la mtu wala nambari ya kiwanja chako, na ni rahisi kudhani haikuhusu. Nayo ndiyo kubwa. Ramani ikishapita, jirani atakayeomba kujenga ghorofa kumi mwaka wa baadaye atakuwa anaomba kitu ambacho mpango umeshakiruhusu. Wewe utakuja kulalamika kuhusu jua na upepo wa ua wako, uambiwe jambo hili liliamuliwa zamani.

Ya pili ni ya kiwanja kimoja: mtu anaomba ruhusa ya kujenga au kubadilisha matumizi. Hapa ndipo penye bango na zile siku 14. Ruhusa ikishatolewa, mwombaji au mtu yeyote anayeguswa na uamuzi ana siku nyingine 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiza mashauri ya mipango ya ardhi. Baada ya kamati ndipo inapokuja Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ngazi hizi zina maana yake. Mtu akiruka kamati akaenda moja kwa moja mahakamani, mara nyingi hurudishwa, na huku akirudishwa zile siku zimeshapita.

Ya tatu ni ya mazingira. Mradi mkubwa, kama kiwanda, bandari au machimbo, lazima ufanyiwe uchunguzi wa athari zake, na ripoti hiyo hutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kwenye magazeti ya kawaida na kwenye redio, ikieleza ripoti inapatikana wapi ili watu waisome na waandike maoni. Mamlaka inayohusika ni NEMA.

Ya nne ndiyo inayoumiza zaidi: serikali inataka kuitwaa ardhi yenyewe kwa ajili ya barabara, reli au bandari. Kazi hiyo ni ya Tume ya Taifa ya Ardhi. Tume hutoa kwanza ilani ya kusudio kwenye gazeti rasmi. Zikipita siku zisizopungua 30, hupanga siku ya kikao cha kusikiliza nani ana haki gani na alipwe kiasi gani, na kikao hicho hutangazwa angalau siku 15 kabla. Mwenye dai anatakiwa awe amelileta kwa maandishi si baada ya siku ya kikao. Katiba ya 2010 inasema fidia iwe ya haki na ilipwe kamili bila kucheleweshwa. Lakini fidia inalipwa kwa mtu aliyejitokeza na kujulikana.

Ilani inalifuata jina

Hapa ndipo penye donda la familia zetu. Sheria inasema nakala ya ilani ipelekwe kwa kila mtu anayeonekana kuwa na haki katika ardhi ile. Anayeonekana wapi? Kwenye rejista. Na kwenye rejista kuna jina la nani? La babu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki miaka 40 iliyopita, na anwani ya sanduku la posta lisilofunguliwa na mtu.

Mwambao una historia yake. Mwaka 1908 Waingereza walileta sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, wakawaambia watu waje kudai mali zao wapewe hati. Waliodai walipata. Wengi wasiodai, ardhi yao ikahesabiwa ya serikali. Tangu wakati ule mtu aliyeko mbali na ofisi, au asiyejua kusoma kilichoandikwa, hupoteza. Waliopata hati wakati ule ndio mababu wa wengi wetu. Hati zimefungwa vizuri kwenye kasha, ila kazi ya kuhamisha jina haikufanyika kizazi baada ya kizazi. Mirathi iligawiwa kwa mdomo barazani, kila mtu akajua fungu lake, na rejista haikuambiwa kitu.

Kwa maisha ya kawaida hilo halileti taabu. Kodi inakusanywa na shangazi, hisabu inatumwa kila Ramadhani, mambo yanakwenda. Siku ilani inapotoka ndipo unapogundua kwamba mbele ya Tume nyinyi warithi 23 si mtu. Mnatakiwa mlete hukumu ya mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi, vyeti vya kufa vya vizazi viwili, na vitambulisho ambavyo majina yake hayafanani, kwa sababu aliyezaliwa Mombasa kwa jina la baba na babu amekuja Oman akapata kabila mwishoni mwa jina. Yote hayo ndani ya siku 30 na 15. Hapana familia inayoweza.

Kwa hivyo nasema bila kuzunguka: familia ambayo mirathi yake haijasajiliwa haitalindwa na ilani yoyote, hata ilani hiyo ingebandikwa kwenye mlango wa Msikiti wa Mandhry.

Lamu ilivyoshinda

Wapo wanaosema haya yote ni bure, serikali ikitaka hujenga. Lamu imetoa jawabu mara mbili.

Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua Lamu mradi mkubwa wa bandari, reli, barabara na bomba la mafuta. Mwaka huohuo watu wa Lamu, jina la kwanza kwenye kesi likiwa Mohamed Ali Baadi, walikwenda Mahakama Kuu. Hoja yao haikuwa kwamba hawataki maendeleo. Walisema hawakuelezwa, hawakushirikishwa, na uvuvi wao, mikoko yao na mji wao wa kale vitaumia. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Aprili 2018 majaji wakakubali kwamba haki ya kupata taarifa, haki ya mazingira safi na haki ya utamaduni zilivunjwa, wakaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Hukumu ni kitu kimoja na pesa mkononi ni kitu kingine. Wavuvi walingoja miaka baada ya hukumu. Lakini msingi uliwekwa.

Kesi ya pili ni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kilichotakiwa kujengwa Kwasasi, bara ya Lamu. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Wananchi waliojikusanya chini ya jina la Save Lamu walikwenda kwenye baraza la kitaifa la mashauri ya mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa.

Ukisoma hoja za hukumu ile utaona jambo ambalo sisi wa mbali tulishike. Mwenye mradi alionyesha kwamba mikutano ilifanyika. Ni kweli ilifanyika. Baraza likasema mikutano ile ilikuwa ya utangulizi, ilifanyika kabla ripoti ya athari haijakamilika, na watu hawakupewa yaliyomo ndani ya ripoti ili wayajadili. Kwa maneno yetu: kumwita mtu mkutanoni ukamnywesha soda na kumwambia mradi unakuja si kumshirikisha. Mshirikishaji anakuonyesha moshi utakwenda wapi, maji ya moto yatamwagwa wapi, majivu yatawekwa wapi, kisha anakusikiliza.

Walioshinda Lamu walikuwa na mambo matatu. Walikuwepo. Walikuwa na kumbukumbu za kila mkutano: nani alisema nini, tarehe gani. Na waliandika barua mapema, kabla ya leseni na baada yake. Hakimu hawezi kuamua juu ya uchungu uliobaki moyoni. Anaamua juu ya karatasi.

Na kuna upande wa pili wa mizani. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwenye kesi ya kanuni za tumbaku, ilieleza kwamba kushirikisha umma kuwe kwa kweli, kusiwe kwa kutimiza ada. Lakini mahakama ileile ikasema kwamba mtu kudai hakushirikishwa hakuangushi jambo lote papo hapo. Kila kesi itatazamwa kwa mazingira yake. Hakimu ataangalia kama tangazo lilitoka, lilitoka wapi, na je, mtu mwenye kujali mali yake angeweza kuliona. Mwenye mali aliyekaa Maskati miaka 20 bila anwani kwenye ofisi ya ardhi na bila mwakilishi ana kazi ngumu ya kujibu swali hilo.

Wenye nyumba na wenye ardhi

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Mombasa, hasa mitaa kama Majengo, kuna mtindo wa zamani unaoitwa nyumba bila ardhi. Kiwanja ni cha mtu mmoja, mara nyingi familia ya Kiarabu au wakfu. Nyumba iliyo juu yake ni ya mtu mwingine, anayelipa kodi ya ardhi kwa mwezi. Mkutano wa kaunti unapoitishwa kuhusu mtaa huo, anayekuja kukaa kwenye kiti cha plastiki ni mwenye nyumba. Mwenye ardhi hayupo. Akisikia, anasema kaunti imewasikiliza wapangaji, haikumsikiliza yeye.

Lakini aliyekuja ndiye anayelala pale. Mtaro ukiziba, maji yanaingia kwake. Lori za kokoto zinapita mlangoni pake. Haki yake ya kusema haitokani na hati, inatokana na kuishi pale, na Katiba ya Kenya inaitambua. Mwenye ardhi naye ana haki yake. Haki hizi mbili zinaweza kukaa pamoja ikiwa watu wanazungumza kabla mwekezaji hajafika. Kinachotokea sana ni kinyume: mwekezaji anampata mwenye ardhi huku Ghuba kwa simu, wanauziana, na mwenye nyumba wa miaka 50 anajua siku bango linaposimamishwa. Tukilalamika kwamba hatukuambiwa, tujiulize pia sisi tulimwambia nani.

Nimewahi kuulizwa na kijana mmoja wa huku, mzaliwa wa Maskati: "Ami, sisi tuliohama tuna haki gani ya kuwapangia walioko?" Swali zuri. Jawabu langu ni kwamba mtu asijitokeze siku ya kugawa fidia tu. Ukitaka usikilizwe siku ya pesa, sikika pia siku ya kuzungumzia mtaro, kisima, njia ya msikiti na ghorofa ngapi. Mwenye mali aliyetoa maoni ya kujenga mtaa, hata kwa barua pepe, husikilizwa tofauti na yule anayeonekana mara moja na wakili.

Unguja na Uingereza

Wasomaji wengi wa Oman asili yao ni Unguja na Pemba, na huko mambo ni mengine. Baada ya 1964 ardhi ikawa mkononi mwa serikali, na sheria ya 1992 inampa mtu haki ya kuitumia ardhi. Ndani ya Mji Mkongwe, ulioingia urithi wa dunia mwaka 2000, kuna nyumba za serikali, za watu binafsi na za wakfu, na ujenzi unasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kwa nyumba ya wakfu, anayetambulika ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ukoo unaweza kusema "nyumba yetu" kila Idi, na barua ya ukarabati ikaishia kwenye meza ya Kamisheni. Asiyejua nyumba ya babu iko kwenye fungu gani kati ya hayo hajui hata barua aipeleke wapi. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib Disemba 25, 2020 kulitukumbusha sote kwamba nyumba za chokaa na mawe hazingoji ukoo uelewane.

Uingereza inafaa kutazamwa kwa sababu ndugu zetu wa London wanaishi ndani ya utaratibu huu. England, ombi la kujenga likiingia, halmashauri hubandika ilani au huwaandikia majirani, na watu hupewa angalau siku 21. Ombi lote, pamoja na michoro, liko wazi kwenye tovuti ya halmashauri, na mtu yeyote anaweza kuandika maoni, hata akiwa Muttrah. Isitoshe, ofisi ya usajili wa ardhi ina huduma ya bure ya kukutumia barua pepe kila mtu anapogusa rekodi ya nyumba unayoifuatilia, hadi nyumba kumi. Huko pia watu wetu hushindwa kwa kuandika yasiyohesabiwa. Kusema "nyumba yangu itashuka bei" au "nitakosa kuona bustani" hakumsogezi afisa. Ukieleza kwamba mwanga wa jua chumbani utakatika, au barabara haiwezi kubeba magari zaidi, lazima alijibu.

Kenya imeanza kuelekea huko. Mfumo wa ardhi wa mtandaoni, Ardhisasa, ulizinduliwa 2021 ukianzia Nairobi. Lakini mpaka siku ambayo simu yako italia mara tu faili la kiwanja chako cha Mombasa linapofunguliwa, mlinzi ni wewe.

Kazi ya Ijumaa

Basi familia ifanye nini? Naona mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mtu tajiri.

La kwanza ni jina. Mirathi ipelekwe kwa Kadhi, na hukumu ifikishwe kwenye rejista ya ardhi. Kama ugawaji una ugomvi, basi angalau rejista ijue warithi ni nani. Ugomvi wa ndani usubiri. Siku za ilani hazisubiri.

La pili ni mtu. Si "yupo jamaa kule". Mtu mmoja, jina moja, mwenye wakala ulioandikwa na kuthibitishwa, unaosema ana uwezo gani: kupokea ilani, kuandika pingamizi, kuhudhuria kikao. Uwezo wa kuuza usitiwe humo kama hamkukusudia. Wakala unaohusu ardhi Kenya lazima usajiliwe kwenye ofisi ya ardhi, kwa hiyo ule uliokaa kwenye droo Ruwi haumsaidii mtu. Na mtu huyo alipwe chochote. Jamaa anayeombwa "apitie pitie" bila hata nauli atapitia mara moja kwa mwaka, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

La tatu ni anwani. Ofisi ya kaunti inayodai ada za ardhi kila mwaka ina anwani ya mwenye kiwanja. Ibadilisheni. Wekeni barua pepe na simu ya yule mwakilishi. Na zile ada zilipwe, maana mwenye malimbikizo huogopa hata kuingia ofisini kuuliza.

La nne nimeliita kazi ya Ijumaa. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya hutoka kila Ijumaa na linasomeka bure kwenye mtandao. Ijumaa huku ni mapumziko. Kila ukoo una kijana mmoja anayeshinda na simu. Apewe nambari za viwanja na majina ya maeneo, na baada ya sala na chakula atafute maneno hayo kwenye toleo la wiki. Ni kazi ya dakika kumi. Akikuta kitu, asitume picha kwenye grupu la watu 140. Ampigie mwakilishi, na Jumatatu asubuhi barua ya kwanza iwe imefika, hata kama ni ya mistari mitano: sisi ni nani, kiwanja nambari gani, tunapinga kwa sababu gani, tunaomba nakala ya mpango wote, tujibiwe kwa anwani hii. Wekeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio utakaosema kwa niaba yenu miaka mitatu baadaye mbele ya jaji.

Serikali za kaunti nazo zina deni. Tangazo la Kiingereza kwa mtaa unaosema Kiswahili ni nusu ya tangazo. Kaunti zinazopokea wageni na pesa kutoka Ghuba zinaweza kupeleka ilani zake kwenye balozi, kwenye jumuiya za watu wetu na kwenye mtandao kwa lugha wanayoisoma. Hilo liombwe rasmi, na jumuiya zetu za Oman na Imarati ndizo zenye sauti ya kuliomba. Barua moja ya jumuiya kwa gavana ina uzito kuliko malalamiko elfu ya barazani.

Mpaka hapo litakapokubaliwa, hesabu ni ileile tuliyoanza nayo: siku 14, nane kati yake za kazi kwa pande zote mbili. Familia yenye jina kwenye rejista na mtu mwenye wakala inaweza kufanya mengi kwa siku nane. Isiyo navyo haitatosheka hata ikipewa mwaka.